Jogoo wa Madam Musimbi

Mwalimu Teresa Musimbi anatuaga tarehe 30 Aprili 2026, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kufundisha Baiolojia. Alianzia Matungu, katika shule yenye darubini moja, nayo mbovu, kisha mwaka 2004 akaja kwetu Lurambi.

Ubao ulimchosha upesi. Mfumo ikolojia aliufundishia msituni, wasichana wakipiga magoti kuhesabu miche ndani ya mraba wa kamba, mvua inyeshe isinyeshe. Wazazi waliokuja juu kuhusu somo la mageuko aliwapa chai na kuwaonyesha ushahidi, na Jumapili wakamkuta akiongoza kwaya. Sisi wa Kemia tulimwonea wivu, nakiri.

Lakini kisa cha kumjua ni cha jogoo. Mwaka 2014 aliamua Kidato cha Nne wajionee urithi wa jeni. Nyuma ya maabara alimkutanisha jogoo wa kishingo, yule wa shingo tupu, na tetea wa manyoya kamili. Vifaranga wote walitoka na shingo tupu yenye kishungi kidogo cha manyoya mbele. Walipokua, akabakiza jogoo mmoja na tetea watano. Mayai ya hao ndiyo yangeonyesha kama kitabu kinasema kweli: robo ya vifaranga shingo tupu kabisa, nusu wenye kishungi, robo manyoya kamili. Kazi ya miezi minane ilimtegemea jogoo huyo.

Bodi ya shule ikaja ghafla. Mpishi wetu, Mzee Osundwa, aliona aibu kuwapa wageni obusuma, yaani ugali, bila ingokho, nyama ya kuku, akamchinja jogoo yule. Madam alipomuuliza, alijibu kwa fahari: "Madam, huyo hakunisumbua hata kunyonyoa."

Wasichana walilia, hasa Kemunto, aliyeandika habari za kila kuku tangu mwanzo. Madam aliketi kwenye benchi, tukadhani amekata tamaa. Ghafla akainuka akicheka: tetea huhifadhi mbegu za jogoo mwilini kwa wiki nzima na zaidi! Kwa siku kumi Kemunto aliokota kila yai, nasi tukaazima kuku wa kuyaatamia.

Vifaranga kumi na tisa walianguliwa: wanne wa shingo tupu kabisa, kumi wenye kishungi, watano wa manyoya kamili. Kemunto alitaka kurekebisha hesabu ifanane na ya kitabuni. Madam alikataa katakata. Alimweleza kwamba vifaranga wachache hawawezi kugawanyika sawasawa, na kwamba mwanasayansi huandika alichokiona. Hata hivyo hesabu ilikaribia ya kitabu, na wasichana walishangilia hadi Osundwa akatoka jikoni.

Kemunto sasa ni mwalimu mwenzetu, na ndiye anayepokea darasa la Madam. Ijumaa iliyopita Madam aliketi kwenye dawati la nyuma kumsikiliza akifundisha urithi. Alitoka akifuta machozi, akatuambia hana la kuongeza.

Asante, Madam. Tunakupenda, na tutakukosa mno. Uishi kwa afya na furaha nyumbani Malinya.