Chumba cha Sampuli Kisifungwe

Mgeni rasmi, mkurugenzi wa utafiti wa tiba. Daktari wetu, wauguzi, na ndugu mliotusindikiza: karibuni. Viti havikutosha, tumeazima vya maabara. Mtuwie radhi.

TULIKOTOKA

Sisi ni wanawake hamsini na mmoja. Baadhi yetu, nyama inayofanana na utando wa ndani wa mfuko wa uzazi huota nje ya mfuko. Hiyo ndiyo endometriosisi. Wengine, utando huo umejipenyeza kwenye msuli wa mfuko wenyewe. Hiyo ni adenomiosisi. Wapo wenye zote mbili. Tumekubaliana tukusimulie habari za mmoja wetu, dobi wa hospitali hii.

Alianza kuumwa akiwa na miaka kumi na mitatu. Kila mwezi alijikunja sakafuni, mto tumboni. Mama yake akimwambia, "Vumilia mwanangu, ukizaa yataisha." Akaolewa, hakuzaa, na hayakuisha. Wifi yake akasema anadeka. Kazini alifua mashuka ya chumba cha upasuaji ameegemea mashine, jasho likimtiririka. Msimamizi akamwandika mvivu. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Alipewa dawa za minyoo, za vidonda vya tumbo, za mkojo. Ikapita miaka ishirini na miwili.

Siku moja akaanguka ngazini na kapu lake la nguo. Daktari wetu akamwinua, akamuuliza, "Maumivu haya yalianza lini?"

Dobi akalia. Hakuwahi kuulizwa.

TULIYOYAPATA

Walimtazama tumboni kwa kamera ndogo, wakampa jina la ugonjwa wake: alikuwa na zote mbili. Dawa za homoni zimewatuliza wengi wetu. Yeye zilimshinda, ikabidi mfuko utolewe. Kabla ya kutia saini aliuliza, "Chanzo chake mnakijua?"

"Bado, dada," daktari akajibu. "Sitakudanganya."

"Basi mkishautoa, mkatafute humo. Mimi nimeshaumia nao vya kutosha."

Sampuli yake imo kwenye friza la chumba hicho nyuma yako, pamoja na zetu.

LINALOTUSUMBUA

Tumesikia kwamba mwezi ujao utafiti wa kutafuta chanzo hicho unasimamishwa na chumba kinageuzwa stoo. Friza likizimwa, mgeni rasmi, kilichokatwa miilini mwetu kitaoza, na hakikatwi mara ya pili.

MAOMBI

Utafiti uendelee. Wauguzi na walimu wafundishwe kuuliza kabla ya kusema "vumilia".

Ombi la mwisho ni la dobi mwenyewe. Alilitoa juzi tukiandika risala hii. Binti wa kaka yake, mwenye miaka kumi na minne, ameanza kukosa shule siku tatu kila mwezi. Yupo mstari wa pili, mwenye sweta ya kijani. Amemuuliza shangazi yake, "Na mimi watanitoa mfuko?"

Shangazi ametuletea swali hilo. Nasi tunalileta kwako. Tunakuomba, ukisimama kuzungumza, uanze kwa kumjibu yeye.

Mungu akujalie afya, na akuongoze katika uamuzi wako.

Ni sisi,
Umoja wa Wanawake Waliojitolea Utafiti wa Mfuko wa Uzazi