Geti la Mlima Isuwi na Kondoo Wetu Mweusi

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, mgeni wetu rasmi; Mheshimiwa Diwani; Sheikh wetu; Bwana Ludovick, ofisa wa mambo ya kale; wageni mliotoka Dodoma mjini, Mkonze na Chamwino; wazee wenzangu; na nyie vijana mliokalia viti vya mbele huku bibi zenu wamesimama, ondokeni hapo kwanza. Ondokeni! Haya, Tabu, kaa. Assalaam alaykum.

Mimi ni Salha binti Mohamedi, mkulima wa hapahapa chini ya mlima. Nimeambiwa nikate utepe wa geti hili jipya, niseme kidogo, nishuke. Mkasi ninao. Utepe utangoja.

Wageni, karibuni Kondoa. Mmepanda, mmeona wale watu wembamba kama njiti waliochorwa kwa rangi nyekundu mwambani, na yule twiga mwenye shingo ya maringo. Mmehema njia nzima, nimewasikia; mama mmoja wa Mkonze kaja kupanda mlima na viatu vya harusi, mwisho kavibeba mkononi. Lakini mmefika, na mmewashinda wenyeji. Hebu niwaulize, wanakijiji: wangapi mliwahi kupanda kwenda kutazama tu? Mzungu anapanda ndege kuja kumwona twiga wetu, wewe unamwona siku unayotafuta mbuzi aliyepotea!

Geti silikatai. Jordan yupo hapa, anajificha nyuma ya nguzo. Huyu alipanda na kipande cha mkaa akaandika jina lake pembeni ya twiga. Nani alikuuliza jina? Waliochora yale hawakuandika majina yao, na kuchora walijua. Kwa ajili ya akina Jordan, geti liwepo, tena la chuma.

Lakini Mheshimiwa, mlima huu si wa kupigia picha tu. Sisi wanawake wa hapa, msimu wa mvua ukikaribia, tunapanda pangoni na kondoo mweusi. Tunaomba mvua, kondoo anachinjwa, analiwa hukohuko, hata mfupa haushuki. Mama yangu alifanya hivyo, na bibi yangu. Sheikh, usinikunjie uso. Ulipanda nasi, nyama ulikula hukohuko, na mchuzi ukaomba uongezewe.

Mwaka jana tulipofika tukakuta geti la mbao, na mlinzi wake ni Nasri, mtoto wa mdogo wangu, niliyembeba mgongoni mimi mwenyewe. Kavaa kofia, kajikaza.

“Shikamoo, mama mkubwa. Tiketi.”

“Marahaba. Tiketi ya nini?”

“Ya kuingia. Ndiyo utaratibu.”

Tabu akamwuliza, “Na kondoo je?”

Nasri akajikuna kichwa. “Kondoo ni mkazi au mgeni?”

“Ni mkazi kuliko wewe!”

Haikusaidia. Tukaombea palepale getini, na Mungu akasikia: mvua ikanyesha palepale tulipoombea. Korongo likafurika, likabeba geti lote, na kofia ya Nasri hatujaiona mpaka leo. Huku mashambani tukapata manyunyu. Mtama ukakauka haujafika hata magotini. Chekeni tu, lakini ghala zetu mwaka huu hata panya wamehama.

Bwana Ludovick ni mtu mwema. Njia ya mawe ameitengeneza vizuri, choo kina mlango unaofungika, nampongeza. Ila nilipomfuata kumwuliza habari yetu, akanijibu, “Bibi, tutalifanyia kazi.” Mwanangu, mvua haina kikao. Inakuja au haiji. Mawingu hayo mnayaona, na Alhamisi ijayo tunapanda. Je, tutamkuta Nasri na kofia mpya?

Kwa hiyo, Mheshimiwa, utepe sikati mpaka uniambie mbele ya watu hawa: siku ya kuomba mvua, geti hili liko wazi au limefungwa? Usitafute kwenye karatasi, jibu humo halimo. Wala usimwangalie Ludovick. Kipaza sauti hiki hapa.

Mmesikia? Amesema liko wazi! Vigelegele baadaye, nyie akina mama, bado sijamaliza. Na kondoo, Mheshimiwa? Rudia kwa sauti, Nasri alikuwa anafunga kamba ya kiatu.

Na kondoo! Sheikh, wewe ni shahidi. Bwana Ludovick, andika hilo kwenye kibao, kwa herufi kubwa, maana mimi shule niliiacha darasa la pili.

Haya, nimekata. Mheshimiwa, nakushukuru, umejibu kama mtu aliyewahi kulima. Nasri, mwanangu, Alhamisi wewe ndiye utakayemvuta kondoo, na ole wako umwulize tiketi. Wengine wote, asanteni kwa kunipa masikio yenu, hata nyie mliokuwa mnachungulia simu. Niliwaona.