Fundo Chini ya Mshipi Mpya

Sikilizeni wanangu, na anayelia anyamaze kwanza, maana sijafa bado na kelele zenu zinanimalizia pumzi niliyoiweka kwa shughuli hii. Fungeni mlango. Shemeji yangu abaki nje na rambirambi zake za mapema.

Nyumba ni yenu wote, isiuzwe hata chumba. Mashua ni ya kitindamimba, huyo aliyekaa hapo na kitambaa jichoni. Limebaki duka la mishipi ya kuvulia, ambalo mnalitazamia kwa pembe za macho tangu nilipoanguka kitandani. Kaka yenu mkubwa asogee karibu, asije kusema mama alikuwa anaweweseka.

Niliwafundisha wote kazi moja. Mshipi ukitoka kuvua unasuuzwa kwa maji safi, unapitishwa vidoleni taratibu, na panapokwaruza ndipo unapokatwa, hata kama macho yanaona ni pazuri. Hauachwi juani. Ukichoka, unatolewa wote kwenye kibao unachozungushiwa, unazungushwa mpya tangu mwanzo. Nilipobaki mjane shemeji alinicheka, eti mkono wa mwanamke unajua unga tu. Nikaendelea hivyo hivyo mpaka akawa mteja wangu, akimtuma mkewe kwa kuona haya kuja mwenyewe.

Sasa wewe, mwanangu wa kwanza! Ulizungusha mshipi mpya juu ya uliooza, ukaunga kwa fundo, ukauza wote kwa jina la mpya. Penye urembo ndipo penye ulimbo. Mdogo wako huyu kitindamimba akanunua kwako kwa imani ya ndugu. Aliponasa samaki wa maana, samaki akakimbia na mshipi hadi penye fundo, ukamkatikia mkononi, kipande kikamchapa jicho. Nawe ukasimama hapa hapa ukasema, "Mungu amependa." Mungu gani? Usimsingizie Mungu fundo ulilolifunga mwenyewe! Na jana, nilipoagiza kibao kimoja kutoka dukani nikavuta kwa vidole hivi mpaka nikalifikia fundo, ulinijibu nini? "Mama, kwani nani anafika huko chini?" Samaki mkubwa anafika, mwanangu. Kumbe duka letu umelifanya la wavuvi wasiopata kitu.

Duka ni la dada yenu. Usinune, uso wako naujua toka ukiwa unanyonya. Ukitaka kazi humo, utasuuza mishipi, naye atapitisha vidole nyuma yako, na ole wake akikuonea haya kwa sababu ya ukubwa wako.

Vibao vyote vya dukani viko hapo mlangoni. Mishipi yake ikatwe leo, nikiwa nasikia. Vipande msivitupe majini vikafunga miguu ya ndege wasiotukosea. Makasi, binti yangu... hapana, usikate wewe. Mpe kaka yako.

Kata, baba. Mungu awape mikono isiyodanganywa na macho. Awape riziki ya... ngoja... ya kulalia usingizi. Kata tena. Nguvu ndizo zinazoniishia, hasira bado ninayo tele.

Mbona umeacha kukata? Usilie juu ya makasi, yatashika kutu.

Haya... hapo umelifikia fundo. Limelia tofauti.

Sasa mpelekee mdogo wako hilo fundo, mwekee mkononi, umwambie mwenyewe ulichokifanya. Nasubiri. Radhi yangu naishika hapa... mpaka nisikie umesema.