Herufi Ndogo Kando ya Jina la Mama

Ndugu waombolezaji, majirani, na nyote mliokuja na baridi hii, mimi Masumi, kifungua mimba wake, nimepewa kazi ya kusoma maisha ya mama yetu, mtu ambaye angekuwepo asingekubali nisome peke yangu, angemweka mtu wa pili nyuma yangu ahakikishe sipunguzi kitu.

Marehemu Iwakiri Fusae alizaliwa tarehe 14 Machi 1934, katika kijiji kilicho juu ya mji wa Obi, mkoani Miyazaki, akaanza shule Aprili 1940, akaiacha mwaka 1943 baba yake alipochukuliwa vitani na wadogo zake wanne wakabaki bila mlezi. Alikuwa amezishika vizuri herufi za sauti, zile chache ambazo kila moja ina sauti yake na basi, lakini herufi za maana, zile maelfu ambazo moja husomwa hivi hapa na vile pale, alizijua za kuhesabika, na aibu hiyo aliificha miaka hamsini na mitano.

Tangu hapo hakuamini karatasi. Barua ikija kutoka ofisi ya mji, alidai amesahau miwani, akampa jirani aisome, kesho yake akampa muuza tofu aisome tena, na wakitofautiana hata neno moja aliwanunia wote wawili.

Tarehe 3 Novemba 1955 aliolewa na Iwakiri Sadao, ambaye alikuwa mpeleka barua, mtu anayeshinda kutwa akisoma, wakajaliwa mimi mwaka 1957 na Yasuhiro mwaka 1960, na kuanzia 1958 hadi 1994 mama alifungasha machungwa kwenye ghala la wakulima. Kila asubuhi baba aliandika kwa penseli, kando ya kila herufi ngumu ya gazeti, herufi ndogo za sauti, kisha akaliacha mezani, akisema ni kwa ajili ya watoto. Sisi tukahama, penseli ikaendelea, na mama akaanza kumtazama kwa jicho la pembeni.

“Baba Masumi, watoto gani hao?”

“Wajukuu wakija,” alijibu baba, na mjukuu hakuwepo hata mmoja.

Mwaka 1997 baba aliugua, akaenda mwenyewe kwa mchonga mawe kuagiza kaburi lao, akafariki tarehe 9 Februari 1998. Siku ya arobaini na tisa ya msiba, tulipopeleka majivu kaburini, mama aliliona jiwe kwa mara ya kwanza, na jina lake limechongwa pembeni ya la baba, likiwa na rangi nyekundu kama ilivyo desturi kwa aliye hai, na kando yake, jambo ambalo hakuna kaburi jingine pale lililo nalo, herufi ndogo za sauti. Akajua kwamba baba alijua. “Nani alimwambia?” alituuliza, mmoja mmoja, mwezi mzima, na hakuna aliyemwambia, maana hata sisi hatukujua. Alilia kwa hasira, kisha akalia tu, na mwisho wa Aprili, akiwa na miaka sitini na minne, alijiandikisha darasa la watu wazima kwenye ukumbi wa mtaa.

Novemba mwaka jana alipatwa na kiharusi, na Desemba aliniagiza nimletee historia hii hospitalini, akaisoma yote akiwa na penseli mkono wa kushoto, akafuta kila herufi ndogo niliyomwekea. “Hizi za nini? Naona.” Akaagiza pia za kwenye jiwe zisiguswe.

Yote ya kabla ya kiharusi aliyakagua mwenyewe, haya ya baadaye hakuyakagua. Alifariki tarehe 6 Januari 2024, saa nne asubuhi, akiwa na miaka themanini na tisa. Tunawashukuru madaktari na wauguzi, aliowahoji juu ya kila kidonge, wenzake wa ghala la machungwa, mwalimu wa darasa, na muuza tofu aliyesoma barua zetu bila kuuliza. Tarehe 23 Februari, siku yake ya arobaini na tisa, tutaifuta rangi nyekundu kwenye jina lake, herufi ndogo zitabaki.

Mama, nimesoma kila neno, Yasuhiro amesimama nyuma yangu anafuatilia. Pumzika kwa amani.