Darasa la Watoto Nampa Ghati

Ketini karibu nyote watatu, wanangu, na wewe Selestine uache kusimama mlangoni kama mgeni, maana haya nayasema nikiwa na akili zangu zote, ingawa pumzi imebaki kidogo.

Shamba la bondeni ni la Selestine, pamoja na ng'ombe. Nyumba hii ni ya Coletha aliyeniuguza, wala mtu asithubutu kumtoa humu kwa kuwa ni mwanamke. Hayo hayana mjadala. Linalowanunisha ni darasa langu la watoto wa Jumapili. Selestine, najua umelingoja, na kusoma unanishinda. Lakini darasa nampa Ghati, ambaye sikumzaa. Sikilizeni kwa nini.

Mwaka wa arobaini na saba mapadre walinitoa hapa Ushirombo wakanipeleka Geita, niwafundishe dini watoto wa wachimba dhahabu. Majuma ya kwanza niliwasomea katekisimu. Wengine wakasinzia, wengine wakatoroka kukamata panzi. Nikakiweka kitabu chini, nikaanza kuwaigizia. Nilikuwa Goliati, nikaanguka mzimamzima hata vumbi likanijaa kinywani. Nilikuwa Farao, nilikuwa Eva, nilikuwa nyoka pia. Watoto wakafurika, hata wa Waislamu wakaja kuchungulia. Otmar, aliyekuwa mkubwa wetu walimu wa dini, alikasirika, akasema nimeligeuza Neno la Mungu kuwa ngoma. Nilimcheka. Na mpaka leo sioni kosa katika kuigiza. Kosa langu lilikuwa jingine.

Jumapili moja niliigiza Yosefu na ndugu zake. Nilimfunika mtoto mmoja kwa tenga la pamba, ndilo likawa shimo, wenzake wakalizunguka wakimzomea, nami nikalia kwa sauti ya Yosefu aliye chini: "Ndugu zangu, nitoeni!" Hapo msichana wa miaka minane akapiga yowe, akakimbia. Ndiye huyu Ghati. Siku tisa kabla, mvua ilikuwa imebomoa shimo alimokuwa akichimba baba yake, na watu walimsikia akiita kutoka chini mpaka akanyamaza. Nilijua habari hiyo, wanangu; msibani kwao nilikwenda. Lakini siku ile nililewa sauti yangu mwenyewe, sikumtazama aliyeketi mbele yangu.

Tulimtafuta mchana kutwa. Otmar ndiye aliyemwona kwanza, kajibanza kati ya mawe makubwa ya mlimani; hakunisuta, alinipisha tu nipite. Nikaketi chini karibu naye, akauliza, "Yosefu alitoka?"

Nikamwambia alitoka.

"Mbona baba hakutoka?"

Majibu ya kitabu yalinijaa mdomoni, nikayameza. Nikasema, "Sijui, mwanangu."

Tukakaa pale mpaka akakubali nimshike mkono. Nikamrudisha kwa mama yake, nikaomba radhi mbele ya watu wote. Jumapili iliyofuata alikuja akaketi mbele kabisa, akataka hadithi yote hadi Yosefu anapowalisha ndugu zake. Mama yake alipofariki, marehemu mama yenu akasema mtoto huyu ni wetu.

Sasa, Selestine, nimewatazama nyote wawili mkifundisha. Wewe wasoma vizuri, ila macho yako hayatoki kitabuni. Ghati kabla ya kuanza hupita kwa watoto mmoja mmoja, akajua nani kafiwa, nani kaja na njaa. Akishajua ndipo anaanza, na akianza, hata mimi niliyemfundisha nashika kiti. Usimwonee kijicho dada yako. Mpelekee watoto wako.

Otmar mwambieni ya ngoma sikubaliani naye hata sasa, ila kwa siku ile ya mlimani namshukuru, na nilichelewa kumwambia.

Mnizike kando ya mama yenu, bila makuu. Nikifa Jumamosi, watoto wakija asubuhi msiwarudishe makwao. Wafundishwe kwanza. Mimi nitangoja.

Selestine, lete kichwa nikuwekee mkono... Mungu akupe moyo mpana. Coletha, mayu, mama yangu, akulipe kwa kila usiku uliokesha. Ghati... Ghati, akupe watoto wengi mbele yako, na subira ya... Nilazeni sasa. Awabariki nyote. Nilazeni.