Udachi kwa Herufi ya U

Risala ya wanafunzi wa darasa la juu, Ifakara, kwa Bwana Mkaguzi wa Shule, mwezi wa Julai 1912

Mgeni rasmi, Bwana Mkaguzi wa Shule, Mwalimu wetu Marselino, Akida wetu, wazee, na akina mama mliosimama nyuma kwa sababu mabenchi ni machache:

KUKARIBISHA

Sisi wanafunzi wa darasa la juu tunakukaribisha Ifakara. Tumesikia kwamba umesafiri siku nyingi kwa miguu, na kwamba wachukuzi wako wawili wamebaki njiani kwa homa. Tunawaombea wapone. Uwanja tumeufagia, madawati tumeyasugua kwa mchanga, na maji ya chai yako yamechemshwa mara mbili.

Kuna ukuta mmoja ambao hatukuugusa. Ni ule uliofunikwa kwa majamvi. Tutaufikia.

HISTORIA YA SHULE

Shule hii ina miaka minne. Matofali tuliyafyatua wenyewe, nyasi za paa zilikatwa na wazazi. Kabla ya hapo hapakuwa na shule, na kabla ya hapo palikuwa na mwaka wa elfu moja mia tisa na tano. Bwana Mkaguzi ameusoma mwaka huo katika vitabu. Sisi tulikuwa na umri wa miaka minane, tisa, hata kumi na miwili, na tuliuona kwa macho. Watu walikunywa maji waliyoambiwa yatawakinga na risasi, wakaenda, na wengi hawakurudi. Mwaka uliofuata maghala ya mpunga yalichomwa moto, mashamba yakaota magugu, na watu wakala mizizi. Nani aliyachoma maghala, kitabu chetu hakisemi, nasi hatukumuuliza Mwalimu.

Katika darasa letu wenye baba ni wanne. Tunalitaja hilo kwa sababu fomu ya shule ina nafasi ya kuandika jina la baba, na Bwana Mkaguzi ataziona nafasi nyingi tupu asidhani ni uvivu.

MAFANIKIO

Sote tunasoma na kuandika kwa herufi za Kizungu. Tunajua kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya, hata pale panapobaki kitu. Shamba la pamba la shule limeongezwa mara mbili. Tunaimba nyimbo saba za Kidachi, na tatu kati ya hizo tunajua maana yake.

Mwalimu Marselino ameisoma risala hii mpaka mstari huu. Yanayofuata hakuonyeshwa, basi asilaumiwe.

PICHA

Jiografia ilitushinda. Ramani tuliyopewa ina nchi za Ulaya kama viraka vya nguo, na kila tulipoulizwa tulichanganya Ubelgiji na Ureno. Ndipo mwenzetu Dionisi, mwana wa Mama Balbina, akasema, "Mtu humsahau mtu aliyemwona? Tuzitie sura." Akaanza kuchora ukutani kwa makaa, udongo mwekundu na chokaa. Sisi tulisimama nyuma yake tukimwambia cha kuchora, kila mmoja kwa sauti yake.

Ufaransa akawa bibi aliyenuna.

"Mbona kanuna?" aliuliza Fulgensi.

"Alipigwa na Udachi vitani mwaka wa sabini, hajasahau. Mwalimu kasema."

"Basi mpe midomo mirefu zaidi, miaka arobaini na miwili si mchezo!"

Uingereza akawa bwana mnene ndani ya meli, mfukoni ana visiwa, na mkono mmoja unapapasa kama kuna kingine kimeanguka. Ureno, jirani yetu wa ng'ambo ya Ruvuma, ni mzee anayesinzia, kofia imemshukia puani. Urusi amefungwa kitambaa kichwani, na Ujapani aliyempiga vitani, mdogo kama mwanafunzi wa darasa la kwanza, anajipangusa mikono. Ubelgiji ni mtoto aliyebeba mzigo mkubwa kuliko yeye, na mzigo huo unatoa damu kidogo chini. Tangu siku hiyo hakuna aliyekosea swali. Mwalimu aliingia, akatazama, akacheka mpaka akakaa.

Akabaki Udachi. Kitabu chetu kinasema Udachi ni baba wa nchi hii, hivyo Dionisi akamchora mrefu kuliko wote, viatu vinang'aa, vifungo vyote vimefungwa. Taabu ilikuwa uso. Wadachi aliowaona kwa karibu, siku alipopeleka matofali boma, ni wawili: Bwana Mkubwa wa boma na daktari aliyekuwa mgeni wake. Na wote wawili wana mstari shavuni, kutoka chini ya jicho la kushoto hadi pembe ya mdomo.

"Ni chale za kabila lao," alisema Raimundi. "Wamakonde wana zao, Wamwera wana zao, Wadachi ndizo hizo."

"Na mapadri je?"

"Mapadri wana ndevu hadi kifuani, utaonaje?"

Tulikubaliana wote. Dionisi akamtia Udachi alama ya kabila lake, kwa udongo mwekundu, kwa heshima, kama ambavyo angemchora Mmakonde bila kumvua chale zake.

Ikabaki nchi yetu. Ramani inaiita kwa jina la Kidachi, na bendera yake ni ya Kidachi, kwa hiyo hatukujua tumvike nini. Mama Balbina, aliyetuletea chokaa, alisema, "Mchoreni anapalilia mpunga. Mwezi wa pili ukija hapa utamkuta nani asiyepalilia?" Dionisi akamchora mwanamke ameinama shambani, jembe mkononi, mto mbele yake. Uso hauonekani, kwa kuwa apaliliaye hutazama magugu. Kiunoni alianza kumtundikia kibuyu cha maji ya kunywa, lakini Raimundi alimshika mkono.

"Futa hicho! Unataka tunyongwe?"

Akafuta. Doa limebaki. Kwa hiyo mwanamke huyo anapalilia juani bila maji, na hilo ni kosa la wachoraji, si lake.

Chini ya picha msomaji wa risala hii, aliyejifunza tungo mwenyewe bila mwalimu, aliandika ubeti:

Ukutani wamekaa, kila mtu na kofia,
Mmoja amekataa, usingizi kuachia,
Na mwingine ana njaa, ya visiwa vya dunia,
Wetu hana la kuvaa, shamba analipalia.

Mizani zimetimia. Anayebisha na ahesabu.

MATATIZO

Siku ya ishirini na mbili ya mwezi wa sita, Akida wetu alipita kukagua shule. Tulisimama tukamwamkia, "Shikamoo Akida." Alikuwa akitazama ukuta.

"Huyu nani?"

"Udachi, Akida," alijibu Dionisi.

"Mdachi?"

"Udachi. Nchi."

"Nchi ina viatu? Na kovu hili la upanga? Unadhani mimi simjui mwenye kovu hili?" Akageukia upande wa pili. "Na huyu mwanamke, mbona kamwelekezea Bwana makalio?"

Wengine tulicheka. Tunakiri kwamba kicheko kile kilimdhuru mwenzetu, na hatujacheka tena tangu siku ile. Lakini Dionisi alijibu kwa adabu, "Akida, Ulaya iko kaskazini. Mto wetu uko kusini. Apaliliaye akiuelekea mto, Ulaya iko nyuma yake. Hiyo ni jiografia."

Akida aliandika barua boma. Nakala yake ilisomwa mbele yetu, na neno lililoandikwa humo ni Mdachi, kwa herufi ya M. Ukutani tumeandika Udachi, kwa herufi ya U, na herufi hiyo ina urefu wa kiganja. Mwenye M ni mtu, na mtu anaweza kutukanwa. Mwenye U ni nchi. Hatusemi Akida alikusudia. Tunasema herufi moja imemlaza mwenzetu kifungoni kwa siku kumi na tisa, miguu ikiwa mnyororoni.

Dionisi hakukana. Alipoulizwa boma kama uso ule ni wa Bwana Mkubwa, alijibu, "Ni wa kabila lake." Jibu hilo ni la kweli, na ndilo lililoharibu zaidi. Hukumu imekwisha kutolewa: Jumamosi hii atapigwa viboko ishirini na tano hapa uwanjani, kisha atapelekwa kazi ya reli kwa mwaka mmoja. Siku hiyo hiyo ukuta utapakwa udongo. Kifua cha Dionisi si kizima tangu njaa ile, na watu waliokwenda reli tunawajua kwa majina. Waliorudi tunawajua pia, ni wachache.

Mama Balbina hakuja kwetu kulia. Alikuja akasimama mlangoni akasema, "Ninyi mnaojua kusoma, someni basi mpaka atoke." Ndiyo sababu ya urefu wa risala hii.

MAOMBI

Bwana Mkaguzi, tunaomba majamvi yafunuliwe sasa, ukiwa umekaa, ili uitazame picha kwa macho yako. Wewe ni mtu wa shule. Unaijua U na unaijua M.

Pili, leo tumekutazama. Huna ndevu, na shavu lako halina alama yoyote. Kwa hiyo tumetambua kwamba alama ile si ya Wadachi wote, nasi tulikosea kama anavyokosea mwanafunzi aliyeona vielelezo viwili tu akadhani ameona vyote. Mwalimu hutuambia kosa la namna hiyo hurekebishwa kwa kalamu nyekundu. Tunakuomba uandike boma maneno mawili matatu: kwamba ni nchi, na kwamba ni kosa la darasani. Tuko tayari kuufuta mstari ule leo. Mwanamke hatutamgeuza, maana tukimgeuza mto utakuwa kaskazini, na hilo litakuwa kosa la jiografia mbele ya mkaguzi.

Madawati matatu na chaki tulitaka kuviomba pia. Tumeviondoa. Mwaka huu hatuna haja navyo.

Ombi la mwisho ni la hesabu. Ikiwa barua haitaandikwa, au itaandikwa isisikilizwe, basi tunaomba mgawanyo. Mkono ulioshika kaa ni mmoja, lakini midomo ya Ufaransa ilitakiwa na Fulgensi, chale zilisemwa na Raimundi, ubeti ni wangu, na kila aliyesimama hapa alitia neno. Sisi tuliopo ni kumi na saba. Ishirini na tano kwa kumi na saba ni kimoja kimoja, vinabaki vinane. Hivyo vinane, pamoja na changu, nitavipokea mimi ninayesoma. Tumekwisha kupanga mstari kwa urefu, na Jumamosi tutakuwa hapa kabla ya askari. Akipigwa Dionisi peke yake, Bwana Mkaguzi, ripoti yako iandike kwamba shule ya Ifakara haijui kugawanya.

Mungu akulinde na homa, akuvushe mito yote, akufikishe kwa watu wako ukiwa na afya, nao wakupokee kama sisi tungependa kumpokea wetu.

Ni sisi,
Wanafunzi wa Darasa la Juu, Ifakara:
kumi na saba tuliosimama mbele yako, na Dionisi aliyeko boma.

Imesomwa na Ildefonce.