Ngazi Inayotembea na Kikwembe cha Nasiba

Nyuma ya msikiti, pale Birere mjini Goma, kuna benchi la ubao lililokalia mawe mawili ya volkano, na benchi hilo lina majibu ya kila kitu duniani isipokuwa yale unayoyahitaji. Papa Hemedi, ambaye babu yake alitoka Maniema na birika mkononi, ndiye anayeuza kahawa ya tangawizi hapo, na kila kikombe hukisindikiza na methali isiyohusika. Mwaka ule waasi walipofunga barabara ya Kiwanja, benchi lilijaa madereva wasio na safari, na dereva asiye na safari ni mtu wa hatari kwa sababu anaanza kufikiri. Alasiri hiyo alikuwapo Wenceslas, karani wa asili ya Bukavu anayeitwa Dosie kwa kuwa hatembei bila faili kwapani, ingawa ofisi yake ilishafungwa zamani. Alikuwapo Twahiru, jina la kijiweni Satelaiti, ambaye hupata habari kabla hazijatokea. Na alikuwapo Hassani Fuso, dereva wa lori la maharagwe, ambaye kwa siku ya nne mfululizo alishindwa kukaa. Alisimama mbele ya wenzake na kikombe, na kila neno lilimwaga tone la kahawa.

— Kikwembe cha bibi yangu kinaliwa na mashine, halafu patroni anatoka kwa biro anacheka! Anasema eti bamama ba kijiji bavae suruali! Nasiba avae suruali! Ule mutu anamujua Nasiba?

— Hamujue, alisema Dosie.

— Apana, hamujue! Njo miye nasema!

Mambo yalikuwa hivi. Tajiri mmoja, huyo patroni, alikuwa amefungua jumba jipya la biashara, na ndani yake ameweka ngazi inayotembea yenyewe, inayokupandisha huku umesimama kama mzigo wa lori. Mji mzima ulikwenda kuipanda. Wengine walipanda mara saba na hawakununua hata sindano. Jumamosi Nasiba, mke wa Hassani, alipofika juu, pale ambapo vidato vinazama sakafuni, ncha ya kikwembe chake, kitenge alichojifunga kiunoni, iliingia katika meno ya chuma. Ilivutwa, ikavutwa, mpaka mama wa watu akapiga magoti na kubaki na shimizi mbele ya umati. Watu wakacheka, Mungu awasamehe, maana mimi siwezi.

Siku hiyohiyo Nasiba alifunga nguo zake akaenda kwa mama yake Kibati. Kibati yenyewe! Wakati watu wa huko walikuwa wanateremka mjini na magodoro kichwani, kwa sababu milio ya bunduki ilikuwa inasogea kila asubuhi. Hassani alimtaka arudi kabla vita havijafika mlangoni kwa mama mkwe. Alijiambia kwamba akithibitisha kosa ni la mashine, na akamleta yule tajiri aombe radhi, mke atarudi na hasira zitakwisha.

— Lakini tuanze na mwanzo, alisema Dosie, akilipapasa faili. Ile ngazi inatoka wapi? Mutu akisimama chini, kidato kinatokea. Kinapanda. Kikifika juu, kinapotea. Sasa vinaenda wapi?

— Vinaenda wapi? aliuliza Papa Hemedi.

— Iko depo. Kule etaji ya pili, kuna mulango bameandika ni marufuku kuingia. Vidato vyote vinajaa mule. Magaribi bakifunga, bakarigadi, balinzi ba usiku, banavibeba mugongoni, banavirudisha chini. Mutu anakula jasho lake.

— Weye Dosie, alisema Satelaiti, unafikiri kama mutu wa ofisi. Ile mashine haina hata umeme. Bameitoboa chini mpaka kwa volkano! Juu ya sababu gani bamejenga fasi hii, mahali moto ya volkano ya mwaka elfu mbili na mbili ilipita? Banavuta mvuke wa Nyiragongo, inasukuma ngazi. Ile volkano ya mwaka jana, mulisema ni mulima umekasirika. Apana! Ni moteri ya patroni ilikuwa inajaribiwa!

— Jumba lilifunguliwa mwezi uliopita, Satelaiti, alisema Dosie.

— Majaribio yanachukua wakati. Mutaka cha mvunguni sharti ainame.

Papa Hemedi alitikisa kichwa kwa heshima, kama mtu aliyesikia aya.

— Na tena, Satelaiti aliendelea akishusha sauti, vile vidato vinapima kilo. Kila mutu akipanda, kilo zake zinaandikwa, zinatumwa kule musituni. Basi bale baasi benye kufunga barabara banajua Goma iko na batu wangapi, na wanono ni wangapi.

— Wanono ba kazi gani?

— Ba kubeba masanduku ya risasi! Unafikiri batakamata weye Dosie, mutu mwenye kuchoka na faili?

Hassani akapiga mguu chini.

— Munacheza! Bibi yangu iko Kibati, bomu zinalia, nyiye munacheza! Miye nilirudi kwa ile jumba siku tatu. Nimesimama, nimeangalia. Jana fundi alifungua bamba la juu, niliona matumbo yake yote. Papa Hemedi, leta tasbihi.

Papa Hemedi alisita, kisha akaitoa mfukoni. Hassani aliitundika juu ya vidole viwili, kidole kimoja juu, kingine chini, akaanza kuizungusha polepole. Shanga zilipanda upande wa mbele, zikazunguka kidole, zikashuka upande wa nyuma.

— Angalieni. Haiko depo, haiko volkano. Juu kabisa iko moteri ya umeme. Moteri inazungusha gurudumu ya meno, gurudumu inavuta sheni mbili, moja kila upande, kama sheni ya pikipiki lakini kubwa. Vidato vimefungwa kwa sheni kama hizi shanga. Vinapanda, vinapinduka, vinarudi chini kichwa chini miguu juu, halafu vinapanda tena. Ni vilevile, kutwa!

— Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani, alisema Papa Hemedi, na kwa mara ya kwanza tangu benchi liwepo, methali yake ilikaa mahali pake. Yeye mwenyewe hakutambua.

— Lakini kidato ni kidato, alisema Dosie. Juu ya sababu gani pale chini na pale juu kinalala sawa na sakafu?

— Ah! Sasa unauliza swali la dereva! Kila kidato kiko na magurudumu ine. Mbili zinafuata reli moja, mbili zinafuata reli ingine. Fasi reli zinaachana, kidato kinasimama. Fasi zinakuwa sawasawa, vidato vinalala. Na ule mukanda wa kushika mukono, ni moteri ileile inauvuta, ili mukono na mguu viende pamoja.

Hasira ilimwacha kidogo alipokuwa akieleza. Hassani alipenda kila kitu chenye gia, na hata adui akiwa na sheni safi angemsifu.

— Na meno? aliuliza Satelaiti.

Hasira ikarudi na ndugu zake wote.

— Meno njo kosa! Kidato kiko na mifereji. Pale kinazama, kuna kitana, meno yake yanaingia mu ile mifereji, yanafagia, kitu kisiingie. Jino likivunjika, unabadilisha, njo kazi yake. Sasa patroni amemwaga nini mbele ya mulango wake, parkingi yote?

Wote walijua. Kokoto ya volkano, ile nyeusi yenye makali, iliyovunjwa kwa nyundo kutoka kwenye moto wa volkano wa mwaka jana, uliopoa na kuganda. Goma nzima inamwaga hiyo kokoto mlangoni ili kukata matope. Babu zetu hawakuwa na ngazi zinazotembea, kwa hiyo hakuna aliyewaonya.

— Batu banaingia nayo mu viatu, alisema Hassani. Kokoto inaanguka mu mifereji, inapanda mupaka kwa kitana. Krak! Nimehesabu meno ine hayako. Meno ine! Tundu la kuingiza kikwembe na mutoto! Na patroni anasema kosa ni la bibi yangu!

Benchi lilichemka. Dosie alisema ataandika barua yenye mihuri mitatu. Satelaiti alisema tajiri yule amejulikana, meno hayo aliyauza. Papa Hemedi alijaza vikombe bila kuombwa, akatamka kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika jino.

— Kwa bahati mbaya, kama ulituambia, weye ulikuwa inje unatafuta fasi ya kuweka motokari, alisema Satelaiti. Kama ungekuwa ndani, ule patroni angelala hospitali.

— Angelala, alisema Hassani, akanywa kahawa iliyokuwa bado moto mno.

Hapa lazima niseme ukweli, maana yeye hakuusema. Hassani hakuwa nje. Alikuwa kwenye ngazi ileile, vidato sita mbele ya mkewe, ameshika mkanda kama mzoefu. Alipokanyaga sakafu ya juu alisikia Nasiba akimwita kwa jina la binti yao, kama amwitavyo siku zote. Aliwaona vijana wanacheka, na akaona aibu kuwa mume wa yule anayechekwa. Akatazama kando. Katika simu kumi na mbili alizompigia, Nasiba alijibu moja tu: «Siku ya volkano, tukikimbia, ulinishika mukono mupaka kule Sake, haukuniacha. Sasa mutu mwenye kuniacha mu meno ya mashine, siku ya vita ataniacha fasi gani?» Tangu hapo Hassani hakupata usingizi, na ndiyo maana alijua hesabu ya meno.

Wakati Dosie akitafuta kalamu, mama mmoja alisimama mbele ya birika, mgeni kabisa, na mfuko wa plastiki mkononi. Papa Hemedi alimkaribisha. Alisema anaitwa Donatille na anasafisha ngazi katika lile jumba.

— Batu ba pale inje ya jumba baliniambia, benchi hii munaongea kila siku juu ya ule mama wa kikwembe. Munamujua?

— Tunamujua! Alidhulumiwa! alisema Satelaiti. Karibu, mama, kaa. Weye ni shahidi.

— Miye njo nilifinya butoni nyekundu, ile ya kusimamisha. Nilikuwa chini na kitambaa cha kupanguza. Batu bote banacheka, hakuna mwenye kufinya. Halafu nikatoa kipande na mikono. Angalieni.

Akatoa kitambaa cha rangi ya machungwa chenye ndege wa buluu, kimepasuka ukingoni, kimefuliwa na kukunjwa vizuri. Hassani alikitambua kabla hakijafunguliwa, kwa sababu yeye mwenyewe alikinunua Kiwanja.

— Ule mama alikuwa anaita, Papa Farida! Papa Farida! Na mbele yake kuna bwana alikuwa amefika juu. Hakugeuka. Alisimama anaangalia televizio ya kuuzisha, na ile televizio ilikuwa imezimwa. Nikasema, pengine haiko yee mwenye kuitwa. Njo nauliza: huyu Papa Farida ni nani?

Benchi lililojua vidato vinalala wapi na volkano inalishwa nini sasa lilikuwa na jibu moja la kweli. Kila mtu pale alijua binti wa Hassani anaitwa Farida. Satelaiti aliangalia ndani ya kikombe chake. Dosie alifungua faili, akalifunga. Halikuwa na karatasi hata moja.

Hassani bado alikuwa na tasbihi vidoleni. Alitaka kusema juu ya kokoto, juu ya kitana, juu ya kicheko cha tajiri, na yote yalikuwa kweli. Akamrudishia Papa Hemedi tasbihi yake. Akaweka kikombe chini, akanyoosha mkono.

— Leta, mama. Nakipeleka Kibati.

— Sasa hivi? Batu bote banashuka, weye unapanda?

— Sasa hivi.

Mama Donatille alikivuta kile kipande kifuani.

— Na weye ni nani yake?

— Ni miye nilikuwa naangalia televizio.